Kapita wa Nusu Pipa

Enzi zetu, samaki aliyeuma wenzake alitangulia chunguni, na maneno yakaishia hapo. Hakuna aliyempiga picha. Hakuna aliyekaa mbele yake jioni nzima ameshika tama, akijiuliza kwa nini huyu kiumbe ana hasira. Nawaambia ninyi wa rika langu, mliokulia kambi la reli hapa Kamina mkiamshwa na king'ora cha karakana kila asubuhi, kwa sababu ninyi mtanielewa. Watoto wetu nimeshawaambia mara nyingi, wananijibu "ndiyo Mama" huku wakitazama simu.

Mwanangu Trésor ana samaki sebuleni. Sisemi samaki wa kula. Ni sanduku la kioo, refu kuliko meza yao ya kulia, limejaa maji ya chumvi, na ndani yake walikuwa wanaogelea samaki sita wa baharini. Baharini, hapa Kamina! Hapa ambapo bahari tunaijua kwenye ramani ya shule na chumvi tunaijua kwenye maharagwe, mtoto niliyemzaa mwenyewe anachuja maji mara mbili, anayakorogea chumvi ya unga iliyosafirishwa kutoka Lubumbashi, halafu anatumbukiza kidude cha kupimia ili ajue kama bahari yake imekolea. Juu ya bati la nyumba aliweka paneli za jua. Nilifurahi, nikadhani wajukuu wangu watapata taa ya kusomea. Kumbe ni kwa ajili ya pampu, samaki wasikose hewa umeme ukikatika.

Na katika hao sita alikuwamo mkorofi. Samaki wa bluu mwenye mkia wa njano, urefu wake hauzidi kidole changu cha kati, lakini roho yake ni ya mtoza ushuru wa sokoni. Alikuwa ameshika jiwe moja kubwa katikati ya tangi, na yeyote aliyepita karibu alirudi na pezi lililochanika. Sasa mngeona watu wazima walivyohangaika! Trésor alitazama video za Wazungu. Akahamisha mawe yote, eti mkorofi asahau mtaa wake. Akamfunga siku tatu kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu, kama mfungwa, naye alipotoka akaanza upya kana kwamba anadai fidia. Akabandika kioo cha kujitazamia kwa nje, samaki agombane na sura yake mwenyewe badala ya wenzake. Nilimkuta mwanangu, mtu mwenye diploma na ofisi mkoani, amechuchumaa anahesabu ni mara ngapi samaki amejigonga kwenye sura yake.

Nikamwambia, "Itoe, muikule."

"Mama, iyi haiko samaki ya kula," akanijibu bila hata kugeuka. "Iko na stress, njo maana inaluma."

"Stress ya nini? Inakula mara tatu ku siku, haina kazi, haina batoto ku masomo!"

Mke wake Clarisse alicheka kidogo, akaenda jikoni. Ni msichana wa Kaniama, kwao ni mahindi na ng'ombe, na samaki anayemjua yeye ni yule aliyekaushwa akakunjwa mkia mdomoni. Nilikuwa napita hapo kwa Trésor kila Jumapili baada ya ibada. Kila Jumapili aliniwekea sahani mezani na kuifunika na sahani nyingine, na kila Jumapili nilisema nimeshiba. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikunywa maji, nikawacheka samaki, nikaondoka.

Sisi tulikua tofauti. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kwenye njia za reli, na treni ya mizigo ikipita vikombe vilitembea vyenyewe kabatini. Baba alikuwa Muluba wa Sanga, mtoto wa ziwa Kisale, na kazi yake ilikuwa kukagua breki za mabehewa. Nguo zake zilinuka grisi hata zikitoka kufuliwa. Mama alikuwa binti wa askari. Baba yake aliletwa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, kutoka mbali kule mkoa wa Équateur, akazaa hapa, akastaafu hapa. Mama akikasirika alirudi kwenye Kilingala, nasi tulijua ni saa ya kutoka nje. Mnakumbuka kambi lilivyokuwa: kila nyumba na lugha yake ya ndani, na Kiswahili cha uani kwa wote.

Tulicheza nzango mpaka vumbi jekundu likatupaka hadi magotini, miguu inarushwa, mikono inapiga, wimbo unapaa, na aliyeshindwa alitoka bila kuitisha mkutano. Wajukuu wangu leo wanacheza kwa kidole gumba, wameketi kwenye kiti laini, na wakimaliza wanasema wamechoka. Shule tulikwenda kwa miguu, karanga na kipande cha muhogo mfukoni, na mwalimu aliyekuta kucha chafu hakuwaandikia wazazi barua ya adabu. Tukirudi, harufu ya makaa ya majiko ya mbabula ilitupokea tangu kwenye njia panda. Ulijua nyumba ipi inapika majani ya sombe, ipi inakaanga mafuta ya mawese, na ipi leo haipiki. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyopelekewa bakuli kabla ya nyingine zote, wala haikusemwa.

Na samaki tulifuga, msidhani Trésor ndiye wa kwanza. Nusu ya pipa la mafuta, iliyokatwa karakanani na marafiki wa Baba na kusuguliwa kwa majivu mpaka ikaacha kunuka, ilikaa chini ya upenu wa jiko. Mara moja moja kabla ya sikukuu Baba aliletewa kambale hai kutoka Bukama, wamefungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Kambale hafi upesi. Alisafiri kwa treni hadi Kamina, akafika amekasirika lakini anapumua. Tuliwaweka pipani, wakanona kwa makombo ya ugali wetu wa bukari na mchwa, na Mama alikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa kunyonya aliijua.

"Yenye kuluma benzake, ile njo ya kwanza mu nyungu."

Hakukuwa na rufaa. Aliyeuma leo aliliwa leo, na waliobaki wakapata adabu.

Isipokuwa mwaka ule mmoja.

Mama yake Baba, yaani Nkambo yetu, alikuja kutoka Sanga mara moja kwa mwaka, kwa mtumbwi hadi Bukama na kwa treni hadi kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye kitambaa cha kichwa kilichoshuka hadi kwenye nyusi. Alikuja na kikapu chake: samaki wake wakavu, chungu chake kidogo, hata chumvi yake. Alipanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, akapika, akala akiwa ametupa mgongo. Chakula cha Mama hakukigusa. Hakumtukana hata siku moja. Alisema tu, "Nimezoea ya kwetu," na Mama alirudisha sufuria ndani.

Sisi watoto tulidhani ni uzee. Kambi zima lilijua kuliko sisi. Mama mkwe asiyekula kwako anakuambia kitu, na anakuambia mbele ya majirani. Mama alikuwa ameshazaa watatu, ameshazika mmoja, na bado alikuwa "ule mutoto wa Base." Kila Nkambo alipoondoka, Mama alisugua masufuria yote upya, hata yale ambayo hayakutumika. Nilimwona mara moja anayasugua huku analia, akaniambia ni majivu.

Mwaka ule akaamua. Alimwomba Baba kambale watano, hai, wakubwa, kutoka ziwa la Nkambo mwenyewe. Mwanamke wa ziwani kama yeye alikuwa na kisingizio kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukijibu: kwamba samaki wa mjini amekufa zamani. Basi atawakuta wanapumua uani. Atachagua kwa kidole, Mama atapika mbele yake, na tuone atasema nini. Kambale walifika siku ya Alhamisi. Nkambo alitarajiwa Jumamosi.

Jumamosi treni haikuja. Injini ilikuwa imekufa njiani, alisema Baba, na wanangoja kipuri. Jumatatu haikuja. Wiki ya pili ikaingia.

Kambale watano kwenye nusu pipa kwa siku mbili ni sawa. Kwa siku kumi, mmoja wao lazima ajione. Mkubwa wao, mwenye kichwa kipana kama kiganja cha Mama, alihamia katikati na kuwasukumia wengine ukingoni. Tulimwita Kapita, kwa sababu alisimama vile vile kama msimamizi wa zamu karakanani, haogelei, anatazama tu nani hafanyi kazi. Siku ya nne tulikuta mmoja hana ncha ya mkia. Tukakimbia kumwambia Mama, tumeshafurahi, tunajua leo tunakula samaki. Mama akaja na kisu. Akainama. Akamtazama Kapita kwa muda mrefu, kisha akaficha kisu nyuma ya kitenge.

"Mumuache," alisema.

"Lakini Mama, njo yeye analuma!"

"Nimesema mumuache. Ile njo samaki ya Nkambo yenu."

Hapo ndipo wazimu ulipoanza nyumbani kwetu, na siwezi kuusimulia bila kujicheka. Mwanamke aliyekuwa na sheria moja tu katika samaki akaivunja kwa sababu mkosaji alikuwa mkubwa kuliko wote, na mkubwa kuliko wote hawezi kuliwa kabla mama mkwe hajamwona. Tukaweka kipande cha bati katikati ya pipa, kimetobolewa kwa msumari, Kapita upande huu, wengine upande ule. Akaliruka. Tukatumbukiza vigae vya chungu wadogo wapate pa kujificha. Akavifanya vyote kuwa vyake. Nikapewa kazi ya kumlisha kwanza yeye, ashibe, apunguze hasira. Nilimtafutia mchwa kila nikitoka shule. Alikula, akanona, akauma kwa nguvu zaidi. Mama alitoka jikoni kila baada ya muda, akasimama juu ya pipa, akasema maneno ya Kilingala kwa samaki yule, halafu akarudi ndani bila kumfanya kitu.

Wa kwanza alikufa Jumatano, wa pili siku iliyofuata. Tuliwala kimya kimya, na Mama hakutia hata tonge mdomoni. Wa tatu tulimkuta amebaki kichwa. Treni ilipopiga honi hatimaye, alasiri ya siku ya kumi na mbili, ndani ya pipa walikuwamo wawili tu: Kapita, mnene na ametulia, na kambale mdogo asiye na mkia wala ndevu, amejibana ukingoni.

Nkambo aliingia uani na kikapu chake kichwani. Mama alimpokea kwa magoti, akamletea maji, akamletea kiti. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea, kwamba kuna samaki. Majirani wawili walikuwa wameshasogea ukutani, maana habari za samaki wa mama mkwe zilikuwa zimezunguka kambi. Nkambo hakukaa. Alitua kikapu, akaenda kwenye pipa, akainama. Aliangalia maji, akaangalia bati lililotobolewa, akaangalia vigae. Akamtazama yule mdogo.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Tano, mama," Mama akasema.

"Na iyi ilikula tatu. Mama Ngoie, weye haukujua kama yenye kuluma inatokaka ya kwanza?"

Mimi ndiye Ngoie, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia Nkambo akimwita Mama kwa jina langu. Alimwita "weye."

"Nilijua," Mama alisema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Hata batoto balijua. Lakini yeye njo alikuwa mukubwa. Niliogopa kukupatia samaki mudogo."

Nkambo akafungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole ili sote tuone.

"Nabakiaka na meno ine," alisema. "Ile mukubwa nitaikula na nini?"

Jirani mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Nkambo alitumbukiza mkono pipani, akamtoa yule mdogo asiye na mkia, akampa Mama. "Pika hii. Na ile mukubwa, pikia bwana yako na batoto, banamungojea tangu zamani." Aliketi kwenye kiti, ndani ya jiko la Mama, uso umeelekea sufuria. Mafiga yale matatu ya nyuma hakuyagusa. Kambale alipoiva, Nkambo alikula polepole, na bukari ya Mama, na mchuzi wa Mama, akanyonya mfupa wa kichwa mpaka ukawa mweupe. Mama alikaa chini karibu naye, akala nyama ya Kapita, ngumu kama kamba ya kufungia mizigo, na machozi yanamtoka wazi. Safari ile hakuna aliyesema ni majivu.

Hadithi hiyo nimemsimulia Trésor mara nyingi ili aelewe upumbavu wa tangi lake. Nilikuwa namwambia: unaona, sisi tulikosea siku kumi na mbili, kosa letu tukalila na bukari, yakaisha. Wewe kosa lako unalinunulia betri. Nilipenda sana kusema hivyo. Nilisema Jumapili zote za miezi minane.

Jumapili iliyopita nilimkuta Clarisse peke yake. Trésor alikuwa safarini kikazi. Clarisse alikuwa amesimama kwenye kiti mbele ya tangi, anamtoa kwa wavu samaki wa tatu aliyekufa, wa mistari myekundu, pezi limeliwa lote. Yule wa bluu alikuwa ametulia juu ya jiwe lake. Macho ya Clarisse yalikuwa mekundu, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

"Munaliaka juu ya samaki sasa," nikasema. "Si mutoe ile ya bluu? Munaibembeleza ya nini? Bantu ba leo hamuna akili."

Alishuka kwenye kiti. Aliuweka wavu juu ya gazeti, akafuta mikono.

"Mama, Trésor alitaka kuitoa tangu mwezi ya kwanza," alisema. "Kuko muntu ku Lubumbashi alikubali kuikamata, aifuge kwake. Minyi njo nilikatala."

"Ju ya nini?"

"Siku ya kwanza uliona iyi tangi, ulisema ile ya bluu iko muzuri." Alikuwa anatazama sakafu. "Haukusemaka kintu ingine ya humu nyumba iko muzuri. Nikawaza, kama tunaitoa, Mama ataacha kukuya kwetu."

Sikumbuki kama nilisema. Huenda nilisema, mtu akiingia nyumbani kwa mwanawe lazima aseme neno, na huenda jicho langu lilitua hapo kwa sababu halikutaka kutua kwa mwenye nyumba. Sahani yangu ilikuwa mezani, imefunikwa. Nikahesabu Jumapili kichwani nikashindwa. Nimewacheka watoto wa leo kwa kila kitu, kwa simu zao, kwa viti vyao, kwa bahari yao ya kukoroga, na binti huyu wa Kaniama ameniwekea chakula tangu siku ya harusi, na mimi nimemjibu kwa kauli fupi ya kushiba ambayo haina tofauti yoyote na "nimezoea ya kwetu."

Enzi zetu tulikuwa na shida nyingi, lakini wazee wetu walikuwa na macho. Nkambo yangu hakujua kusoma, wala hakuwa na kioo cha kumwonyesha samaki pande zote nne. Aliinama mara moja juu ya maji machafu ya pipa, akamwona mwanamke anayemwogopa, na siku ile ile akala. Mimi nina shule, nina miwani, nimekaa kwenye kiti laini mbele ya maji safi yenye taa, miezi minane, nikicheka mpaka mbavu ziume.

Nilivua viatu nikavuta kiti mezani. Clarisse alisema chakula kimeshapoa, ngoja akipashe moto. Nikamwambia aache, alete maji ya kunawa. Ilikuwa bukari na sombe, na kipande cha samaki mkavu kilichowekwa juu kwa uangalifu, mkia umeelekezwa kwangu. Chumvi ilipungua kidogo. Nilimaliza sahani yote, nikaomba nyingine.